Nilimkata alama mwanafunzi aliyekuwa sahihi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika uhandisi wa ujenzi, mwaka wa pili. Muhula huu nimepewa kufundisha statiki, yaani hesabu za nguvu kwenye vitu vilivyotulia, kwa wanafunzi 87 wa mwaka wa kwanza. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kusahihisha mazoezi na kusimamia maabara tu. Profesa mwenye kozi ana majukumu mengi, kwa hiyo alinikabidhi slaidi zake na mtaala, akaniambia, "Utaweza tu." Sikuthubutu kumwambia kwamba sina uhakika.

Nakuandikia kwa sababu ya mshale mmoja ambao sikuuchora.

Wiki ya nne nilikuwa nafanya mfano ubaoni. Boriti ya mita 4, upande wa kushoto imeshikwa kwa bawaba (inaweza kuzunguka lakini haitelezi), upande wa kulia imekaa juu ya rola, na katikati inasukumwa na nguvu ya kilonyutoni 10 iliyoinama nyuzi 60 kutoka mlalo, yaani sehemu yake ya kilonyutoni 5 inasukuma kwa mlalo. Nikachora mshale mmoja wa kwenda juu kushoto na mwingine kulia, nikapiga hesabu, nikapata kilonyutoni 4.33 kila upande. Nilipogeuka, mwanafunzi mmoja wa kike, safu ya tatu, alikuwa amenyoosha mkono. "Mwalimu, ile 5 ya mlalo imeenda wapi?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikautazama ubao, kichwa kikawa kitupu. Macho yote yalikuwa kwangu na zilikuwa zimebaki dakika chache kipindi kiishe. Nikasema, "Hiyo haina athari hapa, tuendelee." Akashusha mkono, akainama, akaandika nilichosema. Hilo la kuandika ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki mbili baadaye tukafanya testi. Swali la 3 lilikuwa boriti ya aina ileile, likiuliza mjibizo kamili kwenye egemeo la bawaba, yaani nguvu yote ambayo bawaba inairudishia boriti. Mwongozo wa kusahihisha niliutunga usiku nikifuata mfano wangu mwenyewe. Wanafunzi 6 waliiweka nguvu ya mlalo na kupata 6.61. Wote niliwakata alama 8. Yule aliyeuliza ni mmoja wao. Nilimwambia mbele ya watu kwamba haina athari, na bado kwenye karatasi yake aliichora, kwa mkono mwepisi, kama mtu anayeomba ruhusa. Nikaipitishia kalamu nyekundu.

Nilitambua kosa langu Jumapili usiku nikitayarisha somo la fremu. Leo ni siku ya nane na sijamwambia mtu. Alama zimeshatangazwa na hakuna aliyelalamika. Mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja ananiambia niyaache yaishe, kwa kuwa testi ina uzito wa asilimia 10 tu, na nikijianika nitakosa heshima darasani na pengine kuondolewa kwenye kozi. Posho yangu inatokana na kufundisha.

Na si hilo tu. Kipindi kimoja cha saa moja natumia hadi saa 11 kukitayarisha. Msimamizi wangu ananiuliza data ziko wapi. Katika maoni ya katikati ya muhula wanafunzi wameandika kwamba nasoma slaidi, naenda mbio, na kwamba "ukimuuliza swali anakasirika". Sikasiriki, Mwalimu. Naogopa.

Niseme au ninyamaze? Na je, mtu kama mimi anafaa kufundisha?

Ni mimi,
Mshale Uliopotea

*

Marahaba, mwanangu.

Sema. Usingoje upate ujasiri, maana ukiungoja utakuta muhula umekwisha. Kipindi chako kijacho kianze na boriti hiyo.

Lakini kabla ya darasa, nenda kwa profesa wako, na usiende mikono mitupu. Chukua karatasi moja yenye suluhisho sahihi, majina ya wale 6 na alama walizokatwa, na pendekezo lako la kurekebisha. Mwambie kwa sentensi mbili: nilikosea mfano wa wiki ya nne, kosa likaingia kwenye mwongozo wa testi, na hivi ndivyo ninavyoomba tulirekebishe. Maprofesa wengi nimewaona wakipokea kosa lililoletwa pamoja na marekebisho yake kwa utulivu kuliko vijana wanavyodhani. Kinachowaudhi ni kulisikia kutoka kwa mtu mwingine. Siwezi kukuapia kwamba wako hatanuna. Hata akinuna, atakuwa amenuna juu ya jambo lililokwisha kurekebishwa.

Kuhusu alama, msimamo wangu ni huu. Wale 6 warudishiwe alama zao zote. Wale waliofuata mfano wako usiwanyang'anye kitu, kwa sababu walifanya walichofundishwa, na gharama ya kosa la mwalimu hailipwi na mwanafunzi. Wapo walimu watakaokuambia kwamba hivyo unagawa alama za bure. Wape swali jingine la aina hiyo kwenye zoezi lijalo, lenye uzito wake, na hapo utajua nani ameelewa.

Yule binti mtafute kabla ya kipindi. Mwambie kwa ufupi, "Ulikuwa sahihi siku ile, na ulikuwa sahihi kwenye testi. Alama zako zinarudi." Usimsimamishe mbele ya darasa apigiwe makofi. Hujui kama anapenda kutazamwa na watu wote hao, na sifa ya namna hiyo wakati mwingine inamnufaisha zaidi anayeitoa. Darasani lisifu swali lenyewe. Aliyeuliza atajua, na majirani zake watajua.

Sasa tuingie kwenye boriti, kwa sababu hapo pana jambo zuri ambalo woga umekuzuia usilione. Ulichomjibu kilikuwa na nusu ya ukweli. Ile 5 ya mlalo inapita katika mstari wa boriti, hivyo haina momenti, yaani uwezo wa kuizungusha boriti, kuhusu egemeo la kushoto. Ndiyo maana zile 4.33 za wima ni sahihi, na hata ungeichora zisingebadilika. Bila shaka kichwa chako kilikuwa kinajua hilo kwa mbali, ndiyo maana neno "haina athari" lilikuja haraka. Lakini rola haiwezi kuzuia kitu kisiteleze, kwa hiyo 5 yote inabebwa na bawaba peke yake. Ukiziunganisha 4.33 na 5 kwa Pythagoras unapata 6.61. Bolti ya bawaba hiyo ikichaguliwa kwa hesabu yako ya ubaoni, itabebeshwa mara moja na nusu ya ilivyotarajiwa. Waoneshe hivyo hivyo, namba kwa namba. Waambie pia ulikuwa sahihi wapi na ulikosea wapi, maana nusu ya ukweli ndiyo inayompoteza mhandisi. Kosa la wazi mtu analiona mapema.

Maneno ya kuanzia yawe machache: "Wiki ya nne niliulizwa swali zuri nikalijibu vibaya. Kosa langu liliingia kwenye testi. Alama zinarekebishwa. Sasa tulitazame." Usiwaambie ulikuwa umechoka. Usiwaambie mzigo wa utafiti ni mkubwa. Ni kweli, lakini siku hiyo yatasikika kama visingizio.

Mwenzako wa ofisini anasema utakosa heshima. Nadhani anakupenda na anakushauri vibaya. Fikiria mwaka 1978. Mhandisi William LeMessurier alikuwa amesanifu muundo wa jengo la Citicorp huko New York, ghorofa 59, lenye nguzo kubwa zilizosimama katikati ya kila upande badala ya pembeni. Kwa simulizi yake mwenyewe, swali la mwanafunzi kuhusu nguzo hizo lilimfanya arudi kwenye hesabu zake. Akagundua kwamba upepo unaopiga jengo kwa kona ungeleta nguvu kubwa kuliko alivyokadiria kwenye baadhi ya viungo, na viungo hivyo vilikuwa vimefungwa kwa bolti wakati usanifu wake ulitaka viunganishwe kwa kuchomelewa. Aliwaendea wenye jengo akawaambia. Mafundi wakachomelea mabamba ya chuma usiku baada ya usiku, miezi kadhaa, watu wakiendelea na kazi zao mchana. Umma haukuambiwa hadi 1995, na kwa sehemu hiyo simsifu, kwa sababu waliokuwa chini ya jengo lile walikuwa na haki ya kujua. Lakini alilipokea swali akarudi kwenye karatasi. Wewe pia umeulizwa na mwanafunzi, na bahati yako ni kwamba boriti yako ni ya wino.

Ngoja nami nikuambie langu. Nilipokuwa nafundisha nikiwa bado mwanafunzi kama wewe, siku moja niligeuza alama ya momenti ubaoni, chanya ikawa hasi. Niliiona katikati ya sentensi, nikaifuta kwa kiganja na kuendelea kuongea, nikidhani hakuna aliyegundua. Kweli hakuna aliyegundua. Nilipokuja kusahihisha mtihani wa mwisho nikakutana na ile hasi yangu, karatasi baada ya karatasi, kwa miandiko tofauti. Walikuwa wameshainakili kabla sijaifuta. Nilikaa na rundo lile hadi usiku wa manane. Mpaka leo nikikosea ubaoni siifuti. Napiga mstari juu yake, naandika sahihi pembeni, na nasema kwa sauti kwamba nimebadilisha.

Turudi kwenye ule mkono ulionyooshwa. Swali usilolijua likija, una sentensi moja ya kuitumia, na nakuomba uifanyie mazoezi peke yako mpaka itoke bila kigugumizi: "Bado sijui, nipeni dakika moja tulitazame." Kisha geukia ubao na uhesabu nguvu zote kwa sauti, upande wa mlalo, upande wa wima, momenti. Swali la yule binti lingejibika kwa dakika hiyo moja, kwa sababu jumla ya nguvu za mlalo ingekataa kuwa sifuri mbele ya macho yako. Dakika ikiisha hujapata, sema utawaletea kipindi kijacho, liandike kwenye kona ya ubao, na ulilete kweli. Wanaosema unakasirika wanasoma uso wako tu. Hofu na hasira kwa mtu aliye safu ya tatu zinafanana sana.

Zile saa 11 sasa. Umesoma slaidi za profesa, ukasoma vitabu vinavyozunguka slaidi, ukapanga maneno ya kusema. Ni kazi kubwa, lakini hiyo si kazi ya statiki. Slaidi za mtu mwingine zimejaa majibu ya maswali aliyokuwa anajiuliza yeye. Jaribu hivi kwa kipindi kimoja tu: chagua matatizo mawili, funga kila kitu, chukua karatasi tupu na uyakokotoe tangu mwanzo kama mwanafunzi asiye na mwongozo. Pale kalamu inaposita, weka alama. Pale unapojiuliza "hii nguvu inaenda wapi", weka alama kubwa zaidi. Alama hizo ndizo somo lako. Ungelifanya hivyo wiki ya nne, kalamu ingesita kwenye bawaba. Ukishamaliza, slaidi nyingi zitaonekana hazihitajiki, nawe ziache. Na mwongozo wa testi usiutunge tena peke yako usiku. Mpe mwenzako yuleyule wa ofisini akokotoe maswali bila kuona majibu yako, nawe umfanyie hivyo yake.

Kwenye kipindi chenyewe, acha wachore wao. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu mchoro wa nguvu ndio statiki yenyewe: unakitenga kitu peke yake, unachora kila kinachokisukuma au kukivuta, basi. Hakuna aliyewahi kujifunza hilo kwa kumtazama mtu mwingine akichora. Weka boriti ubaoni bila mshale hata mmoja, wape dakika tatu wachore kwenye madaftari yao, nawe shuka upite katikati ya viti. Utaona kwa macho yako nani kasahau mjibizo wa mlalo, nani kaweka momenti kwenye bawaba, nani hajaanza. Waulizane wawili wawili, kisha ndipo uchore. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha ufundishaji wa mihadhara mitupu na ule unaowapa wanafunzi kazi darasani, katika sayansi, uhandisi na hisabati. Katika mihadhara mitupu walikuwa wakifeli karibu asilimia 34, na pale walipopewa kazi wakafeli karibu asilimia 22. Kwa darasa lako la watu 87 tofauti ya namna hiyo ni kama wanafunzi 10.

Ila ujiandae, maana mwanzoni hawatakushukuru. Utafiti mwingine, wa 2019, uliofanyika kwenye madarasa ya fizikia ya Harvard, ulionesha kwamba wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kuhangaika kunachosha, na uchovu unafanana na kutoelewa. Waambie hilo siku ya kwanza utakapobadilisha, ili wasije wakadhani umekwepa kufundisha.

Nikupe zoezi moja la kuanzia, ninalolipenda kuliko yote. Chora kamba imening'inia, watu wawili wa uzito sawa wameishika, mmoja juu, mwingine chini. Uliza mikono ya mtu wa juu inabeba kiasi gani. Inabeba uzito wake tu. Sasa badilisha: mtu wa chini aiachie kamba na ashike kamba fupi iliyofungwa kwenye miguu ya mtu wa juu. Waache wachore. Kamba bado inabeba watu walewale wawili, ila mikono ya mtu wa juu sasa inabeba uzito mara mbili. Wakishamaliza kubishana, waambie habari ya Kansas City, Marekani, 17 Julai 1981. Ndani ya ukumbi wa hoteli palikuwa na madaraja ya kupita watu yaliyoning'inizwa kutoka darini, moja juu ya jingine. Michoro ya awali ilikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazopita zote mpaka chini. Wakati wa ujenzi kila fimbo ikabadilishwa kuwa mbili, daraja la chini likaning'inia kwenye lile la juu, na nati zilizo chini ya daraja la juu zikabebeshwa madaraja yote mawili. Hata muundo wa awali haukufikia kiwango kilichotakiwa na sheria za ujenzi za mji ule. Madaraja yalianguka watu wakiwa kwenye tafrija. Walikufa 114. Mchoro wa nguvu ambao ungeonesha hatari hiyo ni ule ambao wanafunzi wako watakuwa wameuchora kwenye madaftari yao dakika tano kabla.

Msimamizi wako mpelekee namba. Andika kwa wiki mbili saa ulizotumia kufundisha na saa za utafiti, kisha mkae mkubaliane kikomo cha saa za maandalizi kwa wiki. Msimamizi hawezi kukusaidia kwa tatizo asiloliona, na sasa hivi anachoona ni data zisizofika.

Unaniuliza kama unafaa kufundisha. Wiki hii usilijibu swali hilo, kwa sababu unalijibu ukiwa na hatia, na hatia haipimi vizuri. Lijibu baada ya mtihani wa mwisho. Mimi katika barua yako nimeona kitu kimoja: kilichokuuma zaidi si macho ya watu 87, ni kwamba binti yule aliinama akaandika. Nimefanya kazi na watu waliofundisha miaka mingi bila kuwahi kugundua mwanafunzi anaandika nini.

Basi, kipindi kijacho ingia mapema kidogo. Chora boriti ya mita 4, bawaba kushoto, rola kulia, kilonyutoni 10 katikati, nyuzi 60. Usichore mijibizo. Sema zile sentensi zako nne, kisha mpe kalamu ya ubao yeyote atakayejitolea, usimame kando. Akimaliza mishale ya wima akaiweka kalamu chini, liulize darasa zima swali uliloulizwa wewe: ile 5 ya mlalo imeenda wapi?

Niandikie walichojibu.